Kura ya Maore 1974: aliyeamua zihesabiwe kisiwa kimoja kimoja ndiye aliyeshinda

Mjukuu wa Dzaoudzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome akitulia.

Kila panapozuka mjadala wa kura ya kujiamulia kwenye maeneo yanayogombaniwa, watu hukimbilia asilimia. Falkland 99.8. Gibraltar 99.6. Mayotte 99.4. Mtu akishaitaja asilimia anaona kamaliza kazi: wenyeji wamesema, wewe ni nani uwapinge? Mimi naomba tuanzie nyuma ya hapo. Kabla sanduku halijawekwa mezani, kuna mtu kishaamua mambo mawili: nani anaingia kwenye daftari, na kura zinajumlishwa kwa eneo gani. Akishayaamua hayo, kinachobaki ni kazi ya makarani.

Nitachukua mfano ninaoujua kwa damu: Mayotte, sisi tunaiita Maore, kisiwa cha nne cha Komoro kilichobaki na Ufaransa.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Dzaoudzi, upande wa kisiwa kidogo cha Maore. Enzi hizo Dzaoudzi ndiyo ilikuwa makao makuu ya visiwa vyote vinne vya Komoro: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore. Babake alikuwa tarishi serikalini. Mwaka 1958 ukapitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Moroni, kule Ngazidja, na miaka michache baadaye ofisi yake ikafungwa, naye akahama nayo. Akaondoka na Bibi. Mdogo wake Bibi akabaki Maore na mama yao. Bibi akaolewa na Mngazija fundi cherehani wa Kariakoo, ndiyo sisi tukazaliwa Dar.

Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja. Leo uzao wa mmoja una pasipoti ya Ufaransa, nchi ya Umoja wa Ulaya, uzao wa mwingine ukitaka kwenda kuzika Maore unaomba viza. Hakuna kati yao aliyehama kwa siasa. Mmoja alimfuata baba, mwingine akabaki na mama.

Historia kwa ufupi, maana bila hiyo hatuelewani. Ufaransa haikuvichukua visiwa vyote siku moja. Maore ilitangulia: 1841 mtawala wake Andriantsoly, Msakalava aliyetoka Madagascar, aliiuza kwa mkataba. Vingine vitatu viliingia chini ya himaya ya Ufaransa kwenye miaka ya 1880. Mwaka 1912 vyote vinne vikafungwa pamoja na Madagascar, na 1946 vikatengwa vikawa eneo moja lenye bajeti moja na makao makuu yale yale ya Dzaoudzi. Hilo la eneo moja lishikeni, nitalirudia.

Makao makuu yalipohama, Maore iliumia kweli. Waume waliokuwa watumishi walikwenda Moroni na mishahara yao. Wengine wakaoa huko. Wake wakabaki na watoto na maduka yasiyo na wanunuzi. Ndiyo maana waliosimama kuipinga Moroni mwanzoni walikuwa wanawake, na kiongozi wao ni Zéna M'Déré. Walikuwa na silaha moja, kutekenya. Kiongozi akitua kutoka Moroni wanamzunguka kundi zima, wanamtekenya mpaka anashindwa kusimama, anarudi kwenye ndege. Wafaransa waliwaita chatouilleuses, yaani watekenyaji.

Nakuja na sehemu ya kura yenyewe.

Binti Nungwi

Kutekenya? Kweli kabisa?

Mjukuu wa Dzaoudzi

Kweli dada. Na fikiria ujanja wake. Polisi atamshitaki nani, kwa kosa gani? Waziri gani ataandika ripoti kwamba alishambuliwa kwa vidole vya kina mama? Lakini usidhani ilikuwa sherehe. Oktoba 1969 palitokea vurugu mjini Mamoudzou, huko huko Maore, na mwanamke mmoja wa harakati hizo, Zakia Madi, akafa. Jina lake Maore linaheshimiwa mpaka leo.

Baharia wa Kilwa

Nimekaa hapa, endelea mkuu. Miaka yote nilidhani Mayotte ni kama Réunion tu, kisiwa cha Mfaransa, sikujua ni kisiwa cha nne cha Komoro.

Mjukuu wa Dzaoudzi

Twende.

Desemba 22, 1974 visiwa vinne vilipiga kura siku moja, swali moja: mnataka uhuru? Jumla ya Ndiyo ilikaribia asilimia 95. Kura za Hapana karibu zote zilitoka Maore, ambako Hapana ilipata zaidi ya asilimia 63.

Sasa tazameni kilichofanyika na hesabu hiyo. Oktoba mwaka huo huo Rais wa Ufaransa, Giscard d'Estaing, alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba haiingii akilini sehemu moja ya visiwa iwe huru na kisiwa kimoja kibaki na hadhi nyingine. Mwezi mmoja baadaye Bunge lao likapitisha sheria ya kura hiyo, na ndani yake likaandika "populations". Wingi, wala si umma mmoja wa Komoro. Matokeo yalipotoka, wenye kuitaka Maore wakaushika ule wingi: kila kisiwa ni watu wake, na kila watu wana jibu lao.

Julai 1975 Paris ikataka katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa, kitakachoikataa kisilazimishwe. Ahmed Abdallah, mkuu wa serikali ya Komoro, akaona mtego, Julai 6 akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Ufaransa ikavitambua vitatu, ikaishika Maore. Novemba Komoro ikaingia Umoja wa Mataifa ikiwa nchi ya visiwa vinne.

Februari 8, 1976, kura ya pili. Safari hii Maore peke yake. Kubaki Ufaransa 17,845. Kurudi Komoro 104.

Nawaomba msimame kwenye hiyo 104. Mwaka mmoja na mwezi na nusu hivi nyuma, Maore hiyo hiyo ilikuwa na zaidi ya theluthi ya wapiga kura waliosema Ndiyo kwa uhuru pamoja na ndugu zao. Ni kura elfu tano na ushei. Walikwenda wapi? Wana majina yao kule: waliitwa serrer-la-main, washikanao mikono. Wapinzani wao waliitwa sorodat, askari. Katikati ya kura hizo mbili washikanao mikono wengi waliondoshwa kisiwani, wengine wakakimbia. Mume wa shangazi yake Bibi alikuwa mmoja wao. Alifika Nzwani na sufuria moja na mtoto mgongoni.

Mtu akiniambia 99.4 naona lile sufuria.

Wakili wa Chamazi

Mleta uzi, niongeze upande wa sheria.

Azimio 1514 la Umoja wa Mataifa la Desemba 1960 lina mambo mawili ndani yake ambayo kwenye kesi hizi hugombana. Linasema kila umma una haki ya kujiamulia. Kisha kifungu cha 6 kinasema jaribio lolote la kuvunja umoja wa nchi na mipaka yake linapingana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Maore inadai kwa sentensi ya kwanza, Komoro kwa ya pili.

Afrika ilikuwa imeshachagua upande. Julai 1964 hapo Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kuheshimu mipaka iliyokutwa siku ya uhuru. Bila hivyo kila nchi yetu ingepasuka.

Siku mbili kabla ya kura ya 1976 suala hilo lilikuwa mezani kwa Baraza la Usalama. Tanzania ilikuwa mjumbe kipindi hicho, balozi wetu pale New York akiwa Salim Ahmed Salim. Rasimu ya kuitaka Ufaransa iache kura hiyo ilipata kura 11. Marekani, Uingereza na Italia hawakuegemea popote. Ufaransa ikapiga kura ya turufu, rasimu ikafa. Mshitakiwa alikaa kwenye benchi la majaji na sauti yake ikazishinda 11. Baadaye mwaka huo Baraza Kuu, ambako hakuna turufu, likailaani kura ya Maore na kuihesabu batili.

Na si Maore pekee. Gibraltar walipiga kura Septemba 1967: 12,138 kubaki na Uingereza, 44 kwenda Hispania. Desemba Umoja wa Mataifa ukasema kura hiyo inapingana na maazimio yake. Kwa hiyo wingi wa kura peke yake haujawahi kutosha kisheria.

Mwana wa Mtsapere

Naomba na mimi nisikilizwe, kwa sababu naona mnazungumza juu ya mama zetu wao hawapo.

Mimi ni Mmaore. Nimesoma Zanzibar miaka sita, Kiswahili nimekipata huko, lakini nyumbani ni Mtsapere, Mamoudzou. Bibi yangu alikuwa katika hao watekenyaji. Hakulipwa na Mfaransa yeyote. Alikuwa na watoto watano na mume aliyehamishiwa Moroni akanyamaza. Alipokwenda ofisini kudai, aliambiwa mambo yenu yaamuliwe Moroni. Kila kitu Moroni. Shule Moroni, hospitali Moroni. Yeye kwa maneno yake alikuwa akisema alikimbia bwana wa karibu akashikamana na bwana wa mbali, kwa kuwa wa mbali hamjui jina.

Mnasema 104. Sawa. Lakini kati ya Desemba 1974 na Februari 1976 sisi tuliona nini? Abdallah alitangaza uhuru Julai, Agosti akapinduliwa, na mamluki Bob Denard akaingia mchezoni. Novemba Ali Soilih, aliyeongoza mapinduzi hayo, akapanda ndege na wafuasi wake kuja Maore kutuambia sisi ni Wakomoro, watu wakamrudisha. Mtu aliyesema Ndiyo 1974 hakuwa na haki ya kubadili mawazo baada ya kuyaona hayo? Wengine walifukuzwa, silikatai, na ni doa. Lakini si wote elfu tano.

Na hatukupiga mara moja. Aprili 1976 Paris ilituletea karatasi zisizo na chaguo la kuwa département, yaani mkoa kamili wa Ufaransa. Watu walitumbukiza sandukuni karatasi zao walizotayarisha wenyewe, nyingi kuliko zile halali. Julai 2000 tulipiga tena. Machi 29, 2009 tukapiga tena, asilimia 95 Ndiyo, na 2011 tukawa département ya 101. Vizazi vitatu! Mtatuuliza mara ngapi ndipo mkubali kwamba tumejibu?

Nembo yetu imeandikwa Ra hachiri. Mnaoongea Kiswahili mnaijua maana yake bila mkalimani: tuna hadhari.

Baharia wa Kilwa

Mmaore kasema. Mleta uzi jibu hapo.

Mjukuu wa Dzaoudzi

Ndugu yangu wa Mtsapere, ahsante sana kuja. Nimeusoma mchango wako mara tatu.

Kwenye mengi nakukubalia. Makao makuu kuhamishwa bila kuwaangalia walioachwa lilikuwa kosa la viongozi wetu, na Moroni haikuomba radhi. Mapinduzi yaliyofuata yaliwapa watu wa Maore sababu kila mwaka. Na hilo la mtu kubadili mawazo ni haki yake. Nilipoandika kama kwamba elfu tano wote waliondoshwa nilipitiliza.

Lakini swali langu halikuwa kama mama zetu walisema kweli. Walisema kweli. Swali langu ni nani aliwapa sanduku lao peke yao, na kwa kanuni gani, na mbona kanuni hiyo haitumiki mahali pengine. Kuna mtu humu anaijua Kaledonia Mpya? Maana ushahidi wangu mkubwa uko huko, na huo ndio ulionifanya nifungue uzi.

Mwalimu wa Lushoto

Niko hapa. Nimewahi kuifundisha kwenye somo la ukoloni, nitaeleza.

Kaledonia Mpya ni visiwa vya Ufaransa kule Pasifiki. Wenyeji wanaitwa Wakanaki, kwa sasa ni kama watu wanne katika kila kumi. Wengine ni walowezi, wafungwa wa zamani na vizazi vyao, wahamiaji wa baadaye. Ardhi ina nikeli nyingi. Mwaka 1987 Ufaransa iliitisha kura, mtu aliyekaa miaka mitatu tu anapiga. Wakanaki wakaisusia, kubaki kukapata asilimia 98. Mwaka uliofuata damu ikamwagika kwenye kisiwa chao cha Ouvéa.

Mwaka 1998 wakasaini Mapatano ya Nouméa. Daftari la kura ya uhuru likafungwa: kwa ujumla waliohamia baada ya 1994 hawamo. Kura tatu zikapangwa. Novemba 2018 Hapana 56.7. Oktoba 2020 Hapana 53.3. Mnaona inavyoshuka. Ya tatu ikapangwa Desemba 2021, korona ilikuwa imeua Wakanaki wengi, na kwao maombolezo ni ya muda mrefu, wakaomba isogezwe. Paris ikakataa. Wakasusia. Hapana ikapata 96.5, lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya daftari. Wakati 2020 walijitokeza zaidi ya asilimia 85.

Mei 2024 Paris ikataka kulifungua daftari la chaguzi za majimbo kwa waliokaa miaka kumi. Mji wa Nouméa ukawaka moto, watu zaidi ya kumi wakafa. Karatasi ya daftari tu, lakini Wakanaki walielewa maana yake: mkigeuka kuwa wachache kwenye daftari, hakuna kura mtakayoshinda milele.

Mjukuu wa Dzaoudzi

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Sasa wakuu, sogeeni karibu, hapa ndipo nilipotaka kufika.

Katika kura za 2018 na 2020, matokeo hayakuwa sawa nchi nzima. Visiwa vya Loyauté na Jimbo la Kaskazini, wanakoishi Wakanaki wengi, walisema Ndiyo kwa uhuru, tena kwa wingi mno, zaidi ya watu saba katika kila kumi. Jimbo la Kusini lenye Nouméa ndilo lililosema Hapana likawazidi. Tukifuata kanuni ya Maore, Loyauté na Kaskazini wangekuwa huru leo. Si wamejibu? Si ni watu wenye jibu lao?

Lakini Mapatano ya Nouméa, yaliyosainiwa na serikali ya Ufaransa yenyewe, yanasema wazi kwamba matokeo ni ya nchi nzima. Yanasema sehemu moja ya Kaledonia Mpya haiwezi kupata uhuru peke yake, WALA kubaki na Ufaransa peke yake, kwa sababu tu kura zake zimetofautiana na jumla.

Rudieni tena kuisoma. Haiwezi kubaki na Ufaransa peke yake kwa sababu kura zake zimetofautiana na jumla. Hiyo ni Maore ya 1974, neno kwa neno. Dola ile ile iliandika kwa mkono wake, 1998, kwamba lililofanyika Maore halifai kufanyika.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, usiku. Nilipitiliza kituo.

Wakili wa Chamazi

Hili sikulijua kwa maneno yake. Mleta uzi umenipa kitu.

Na linakwenda sambamba na maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Februari 2019 juu ya Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi. Uingereza iliwatenga Chagos kutoka Mauritius 1965, miaka miwili na ushei kabla ya uhuru, kisha ikawahamisha wakazi wote kupisha kambi ya kijeshi ya Diego Garcia. Mahakama ikasema haki ya kujiamulia ni ya eneo zima la koloni, na mtawala hana ruhusa kukata kipande bila ridhaa huru ya watu wa eneo zima. Tofauti na Maore ni kwamba Chagos hawakuulizwa kabisa. Hata sanduku moja hawakuliona.

Mwana wa Mtsapere

Nimesoma. Sina jibu la Nouméa, nitakuwa mwongo nikisema ninalo.

Nitasema hili tu: hiyo kanuni ya eneo zima nani aliichora? Mfaransa. 1912 alitufunga na Madagascar, 1946 akatufunga sisi wanne. Mnamkataa Mfaransa kwenye kura yake mnamkubali kwenye mpaka wake.

Mjukuu wa Dzaoudzi

Hoja nzito, sitaipangua kwa sentensi moja. Mpaka wa Afrika yote umechorwa na mgeni, na tuliukubali kwa kuogopa vita, sio kwa kuupenda. Ila sisi wanne hatukufungwa na 1946 peke yake. Lugha, dini, ndoa, majahazi, hayo yalikuwepo kabla ya Andriantsoly. Bibi yangu na bibi yako pengine walicheza pamoja.

Na tazama Nzwani. Mwaka 1997 Wanzwani nao walijitenga na Moroni, wakapandisha bendera ya Ufaransa, wakaomba warudi kwake. Ufaransa ikawakataa. Ufaransa ikawakataa. Kama kweli ni haki ya kila kisiwa kujibu, mbona jibu la Nzwani halikupokelewa?

Luteni Mstaafu

Nzwani naijua. Machi 2008 tulikwenda na Umoja wa Afrika, Watanzania na Wasudan pamoja na jeshi la Komoro, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa amekishika kisiwa. Asubuhi Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, ilikuwa mikononi mwetu. Wananchi walitupokea kwa kuimba, na tulisikilizana nao kwa lugha bila shida, wewe unasema Kiswahili yeye anajibu Kinzwani.

Bacar alikimbilia wapi? Maore, kwa boti. Kutoka Nzwani ni kama kilomita 70. Usiku tulikuwa tukiambiwa taa za kule ni Ufaransa. Vijana wangu hawakuamini.

Bukavu kwetu

Bandugu, miye ni wa Bukavu, niko hapa Mamoudzou tangu 2023. Nasoma hii uzi na moyo inauma.

Tulilala karibu na stade ya Cavani, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, chini ya plastiki. Mwaka ule maji ilikuwa inakuja siku moja, siku mbili hakuna. Wamama wa mtaa walikuwa wanatuambia: sisi hatukupiga kura ili dunia yote ikuje huku. Sikuwakasirikia. Nao walikuwa wanapanga foleni ya maji na bidoni kama sisi.

Lakini kuko kijana mumoja jirani yangu. Wazazi ni wa Nzwani, walikuja na kwassa. Yeye alizaliwa hapa, anasema Kimaore, Kifaransa anaandika vizuri kuliko miye. Karatasi hana. Anaogopa kutoka nje asubuhi. Kama kesho kutakuwa kura ingine hapa, huyo atahesabiwa wapi? Kule Nzwani hawamujui, huku hawamutaki. Wako wengi sana.

Binti Nungwi

Jamani hiyo kwassa ndiyo ile boti inayozama?

Mjukuu wa Dzaoudzi

Ndiyo dada. Hapo zamani mtu wa Nzwani alikwenda Maore kama wewe unavyokwenda Pemba. Januari 1995 Ufaransa ikaweka viza. Tangu hapo ni usiku, kwa boti ndogo za faiba. Taarifa ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria waliokufa kwenye mkondo ule kuwa kati ya 7,000 na 10,000.

Niliwahi kufika Nzwani kwa msiba. Jioni moja upande wa kusini nikaiona moja inapakiwa. Urefu wake hauzidi daladala ya Hiace mbili. Nahodha alikuwa kijana asiyefika miaka ishirini. Kwanza madumu ya petroli, kisha mzee aliyekuwa anakwenda kusafishwa figo, amebebwa na wanawe wawili kwa mkeka, kisha wanawake. Mama mmoja mjamzito alikuwa ameshika kandambili zake mkononi, hataki ziloe. Nilihesabu watu 26 nikaacha. Hakuna aliyezungumza juu ya uhuru wala Ufaransa. Walikuwa wanauliza upepo.

Mzee wa Vikokotoni

Mnasikitika Maore kwa kuulizwa vibaya. Sisi Zanzibar 1964 tuliulizwa?

Mjukuu wa Dzaoudzi

Mzee wangu shikamoo. Hapana, 1964 hapakuwa na kura ya wananchi juu ya Muungano, visiwani wala bara, na kulisema hilo si dhambi. Ila suala hilo linastahili uzi wake, na mimi nitakuja kuchangia nikiitwa. Hapa nisaidie tumalizane na Maore.

Kijana wa Likoni

Na Falkland je? Naona hamjaigusa. Watu 1,513 wa kubaki na Uingereza dhidi ya 3, Machi 2013. Pale hakuna mwenyeji aliyefukuzwa daftarini, hakuna kisiwa kilichokatwa. Argentina inasema wakazi walipandikizwa na Mwingereza, lakini wengine wapo vizazi vingi. Kwangu mimi ile kura ni halali.

Wakili wa Chamazi

Kwa kweli hata mimi Falkland naiona tofauti. Waargentina wanadai ardhi, hawadai watu. Hakuna familia iliyogawanywa na sanduku lile. Maore mpaka umepita katikati ya nyumba.

Mwana wa Mtsapere

Mleta uzi, mimi nakuuliza moja na unijibu bila kuzunguka. Tuseme wewe ndiye mwenye kalamu, 1974. Jumla ya visiwa vinne imesema Ndiyo, sisi tumesema Hapana. Utatuvuta kwa nguvu?

Mjukuu wa Dzaoudzi

Nisingewavuta kwa nguvu. Nisingewakata pia.

Ningekuja Dzaoudzi kabla ya kura na kuwaambia kina mama: makao makuu yamehama, nini kirudi huku ili mbaki nasi? Wizara? Bandari? Bajeti yenu wenyewe? Ningeandika kwenye katiba kwamba Maore ina serikali yake ya ndani. Komoro yenyewe ilikuja kufanya hivyo 2001, kila kisiwa na rais wake, urais wa Muungano ukizunguka. Miaka 27 imechelewa. Tungelifanya 1974, sisemi mngekubali, lakini mngekuwa na karatasi ya tatu ya kuchagua. Mliletewa mbili tu: Moroni ile ile, au Paris.

Na nyinyi mnajua uchungu wa kukosa chaguo lenu kwenye karatasi. Aprili 1976 mlijitengenezea.

Mwana wa Mtsapere

Nimekusikia. Hilo la karatasi ya tatu nitampelekea Bibi. Bado yuko, macho tu ndiyo hayaoni.

Binti Nungwi

Na Bibi yako wewe, mleta uzi? Na mdogo wake?

Mjukuu wa Dzaoudzi

Bibi alifariki 2016 hapa Dar. Mdogo wake yupo hai, Pamandzi. Kimbunga Chido kilipopita Desemba 14, 2024 hatukumpata kwenye simu siku sita. Siku ya saba akapokea mwenyewe, analalamika kwamba mwembe umeanguka juu ya jiko. Mama alilia, yeye akawa anauliza unalia nini, jiko litajengwa.

Hawakuonana tena tangu 1979. Viza waliomba mara mbili, ikakataliwa mara mbili.

Bukavu kwetu

Pamandzi ni karibu, ni kuvuka na baji tu, ile feri. Kama uko na jina na mtaa, nitumie inbox. Naweza kumusalimia.

Mjukuu wa Dzaoudzi

Ndugu, nakutumia sasa hivi. Ukifika muulize kama bado anayo nakala ya hati ya kuzaliwa. Ya Bibi ninayo, ilikuwa imekunjwa ndani ya msahafu wake. Imetolewa 1957, juu imeandikwa "Territoire des Comores", yaani Eneo la Komoro, na chini, mahali pa kuzaliwa, Dzaoudzi. Kama yake ipo, naomba uipige picha iliyo wazi, pande zote mbili.